Bi. Mwanakombo Yuko Hai, na Picha Ile Itolewe

Jumapili mchana, Likoni.

Mvua imeshika tangu alfajiri na haina dalili ya kuachia. Nimerudi kutoka kanisani kabla ibada haijaisha, viatu vimelowa, na nimewaambia wanangu wasiniulize kitu mpaka nimalize kuandika. Charo, mkubwa wao, alichungulia mara moja, akauona uso wangu, akaufunga mlango polepole.

Nina hasira. Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitatukana, na leo ni Jumapili.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikamwonea mtu.

Bi. Mwanakombo ni jirani yangu hapa Shika Adabu, ukuta kwa ukuta. Ni mjane, mtu mzima wa kuamkiwa na mtaa mzima, na kazi yake tangu nimjue ni kuosha maiti wa kike. Mwanamke wa Kiislamu akifariki huku kwetu, Bi. Mwanakombo ndiye anayeitwa. Anaingia na maji na pamba na udi wake, mlango unafungwa, na akitoka hasemi neno juu ya alichokiona mle ndani. Mimi ni Mkristo, Mgiriama, sijawahi kuingia chumba hicho. Lakini nimekaa naye barazani mara nyingi akitoka huko, anakunywa chai ya tangawizi, na sijawahi kumsikia akisema fulani alikonda, fulani alikuwa na kovu. Ukimwuliza anakujibu neno moja tu: "Tumemsitiri."

Kwa wewe unayesoma ukiwa mbali, neno hilo huku pwani lina kazi nyingi. Ukimpa mtu nguo umemsitiri. Ukiifunika aibu yake umemsitiri. Paa zima linakusitiri na mvua. Na maiti akizikwa kwa heshima zake tunasema amesitiriwa. Mtu wa hapa anajua ni ipi kati ya hizo kwa jinsi neno lilivyosemwa. Mgeni hajui, na simlaumu kwa kutojua. Lawama inaanza pale anapoambiwa akaziba masikio.

Sasa Kikundi. Jina lake silitaji, wanaokijua wanakijua. Kilianzishwa na watu wa kanisa letu pamoja na watu wa msikiti wa jirani, wakati ule simu zetu zilipojaa uvumi. Leo Waislamu wamepanga hivi, kesho Wakristo wamesema vile, na watu wazima wanaacha kusalimiana kwa habari isiyo na mwenyewe. Tukafungua ukurasa wa Fesibuku na kundi la WhatsApp, tukafundishana ukumbini, masheikh na wachungaji wameketi safu moja wanashika simu kwa vidole viwili. Somo la kwanza lilikuwa hili: kabla hujatuma, uliza. Nani amesema? Ana hakika gani? Ukituma, ataumia nani?

Nilikipenda Kikundi hicho, sitaki kudanganya. Tulipiga picha ya bomba lililokauka, tukaiweka ukurasani kila asubuhi bila kuchoka, mpaka maji yakarudi. Tuliwahi kuzima uongo mmoja uliokuwa unaelekea kuleta vita, kwa sauti tu ya ustadh na mchungaji waliojirekodi wameketi pamoja wanasema hakuna kitu kama hicho. Wakanifanya mmoja wa wasimamizi wa ukurasa, kazi yangu ikawa kuandika salamu za Ijumaa na za Jumapili. Eti Kiswahili changu kina utamu. Nilijisikia mtu.

Kisha ufadhili ukaja, na ufadhili ukaja na Kelvin, mratibu wa mawasiliano. Ametoka bara, ana mke, ana ndevu, ana bidii. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningejua namna ya kumkasirikia.

Paa la Bi. Mwanakombo limeoza. Kikundi kikakubali kumwezekea, na mfanyabiashara mmoja wa mjini akajitolea mabati. Katika kikao Ustadh akasema, kwa upole wake ule, "Jamani, tumsitiri huyu mama kabla masika hayajakolea." Alisema vizuri, na kila mtu wa pwani mle ndani alimwelewa. Kelvin akadakia, "Hiyo neno iko na uzito! Hiyo ndio jina ya kampeni." Nikamwambia, hilo neno, si hiyo neno. Akacheka, nami nikacheka, tukafunga kikao.

Akaenda kuikagua nyumba siku ya mvua. Alimkuta Bi. Mwanakombo anahangaika na maji ndani, akapiga picha. Akamwambia, "Ni ya ripoti tu, shosho." Jioni yake Bi. Mwanakombo aliniuliza, "Mama Charo, yule bwana aniita shosho. Shosho ni kitu gani?" Nikamwambia ni bibi kwa watu wa bara. Akasema basi angesema bibi.

Ijumaa nilikuwa kibandani kwangu nashona sare za shule. Simu naiweka mkobani nikiwa kazini, kwa sababu mteja akikukuta na simu anaamini nguo yake haijaguswa. Akaingia mama mmoja wa Kidigo, mteja wangu wa siku nyingi, macho mekundu, akanishika mikono.

"Pole kwa msiba, Mama Charo."

Msiba gani?

"Wa Bi. Mwanakombo, jirani yako. Kwani hujui? Azikwa kesho saa nne. Ndiye alomwosha mamangu."

Bi. Mwanakombo alikuwa amepita hapo kibandani asubuhi ile ile, akanilalamikia magoti yake na mvua na majogoo wa jirani wa nyuma.

Nakiri, nilicheka. Nilicheka mpaka yule mama akadhani nimerukwa na akili kwa huzuni, akaanza kunipepea na ukaya wake. Kisha akanitolea simu.

Bango lilikuwa na mawingu meupe, njiwa anaruka, maua pembeni. Katikati, picha. Juu, kwa herufi kubwa: TUMSITIRI BI. MWANAKOMBO. Chini: Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwake Shika Adabu. Wote mnakaribishwa. Na nembo ya Kikundi chetu. Nani wa pwani angesoma kitu kingine hapo? Wengine walishangaa kidogo mbona mazishi saa nne na si baada ya adhuhuri, lakini hakuna anayebishana na tangazo la msiba. Na kule kwenye kundi la Kikundi, nilipofungua simu yangu, bango lilikuwa limepitishwa. Dole gumba kwa kila mmoja. Dole la Ustadh, dole la Mchungaji. Watu wa kabla-hujatuma-uliza hawakuuliza, na nina hakika wengi hawakusoma.

Kicheko kilinikauka nilipoitazama picha yenyewe.

Amejifunga leso moja tu, mabega wazi. Ameinama anasukuma maji kwa ufagio kutoka chini ya kitanda. Nyuma yake nguo zake za ndani zimeanikwa kwenye kamba. Na kichwa kiko wazi, mvi zote nje, zimelowa zimemshika usoni.

Nimeishi na Bi. Mwanakombo ukuta kwa ukuta, nimemwuguza malaria, amenishikia watoto wangu wakiwa wachanga. Sijawahi kuziona nywele zake. Nikaziona Ijumaa, kwenye simu ya mteja.

Nikampigia Kelvin. Nikamweleza neno kwanza, polepole kama ninavyomweleza mtu njia, kwamba huku ukitangaza saa na mahali pa kumsitiri mtu umetangaza mazishi. Akacheka sana. Akasema atabadilisha maelezo, na kweli alibadilisha yale ya chini ya bango. Lakini maandishi yaliyo ndani ya picha hayabadiliki, na watu walikuwa wanaituma picha. Kisha nikamweleza nywele. Akasema, "Mama Charo, tulia. Watu wanaishea vibaya sana. Hatujawahi fika hapa. Wafadhili wanaangalia."

Nikamwambia Bi. Mwanakombo naye anaangalia. Akasema, "Si yeye hana simu kubwa?"

Nimelirudia jibu hilo kichwani tangu Ijumaa na bado sijapata la kulijibu lisilo la matusi.

Nilifunga kibanda nikaenda kwake. Nilitaka alisikie kwangu kabla hajalisikia kwa mtu wa mazishi.

"Hodi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona wahema?"

Nikamwambia ametangazwa kufa. Alinitazama, kisha akapasuka kucheka, akapiga paja. "Wallahi? Sasa n'nani wa kunosha mimi?" Akaanza kuhesabu wanafunzi wake aliowafundisha kazi, huyu ana mikono mizito, yule anaogopa, huyu ataniwekea pamba nyingi kama mto. Tulicheka wote wawili. Nilitamani tuishie hapo, niondoke.

Nikamwonyesha picha.

Aliishika simu mbali, akaisogeza karibu, akaishika mbali tena. Nilisikia jirani anatwanga, nikawa nasikiliza kutwanga ili nisimtazame usoni.

"Kichwa wazi," akasema.

Alikuwa amevaa ushungi wake, na mle ndani tulikuwa wawili tu, lakini alichukua leso nyingine kitandani akajitanda juu ya ushungi, akaibana chini ya kidevu. Akaniuliza wameiona wangapi. Nikasema sijui, Bi, naona wengi. Akaniuliza kama wanaume nao. Nikasema ndiyo.

"Itolewe, mwanangu. Mabati yaje, yasije, hiyo itolewe."

Nikamwahidi. Kuifuta mwenyewe ningeweza, lakini nilitaka Kikundi kiitoe kwa kauli yake. Ahadi hiyo ndiyo inayonikeresha mpaka sasa hivi, maana nilimwahidi kitu nilichodhani ni kidogo.

Jumamosi asubuhi watu walikuja. Nimeona misiba mingi Likoni lakini sijaona watu wa namna ile. Walikuja wanawake aliowaoshea mama zao, dada zao, mabinti zao. Walikuja na sukari, na unga, na mchele, na masufuria makubwa, na mmoja na sanda aliyoikunja kifuani. Mpwa wake wa Kisauni alifunga duka lake akavuka feri na familia nzima. Vijana wa msikitini walikuja na majembe wakiuliza kaburi linachimbwa upande gani, na wenzao na turubai la kufunikia waombolezaji. Lori la mabati likafika na kukosa njia kwa wingi wa watu. Mafundi wakateremka na nyundo, wakakutana na jeneza la msikiti linaingia.

Na Kelvin, Mungu anisamehe, alifurahi.

Alipanda juu ya kiti cha plastiki, simu juu, yuko mubashara. "Wapendwa mnaotufuatilia, oneni vile jamii imejitokeza! Wakristo kwa Waislamu! Oneni machozi ya furaha!" Aliyekuwa analia pale mbele ya simu yake ni mdogo wake Bi. Mwanakombo wa tumbo moja, aliyetoka Mkomani. Alikuwa hajaambiwa bado. Alikuwa amekaa chini mchangani anamlilia dada yake, na mtu mzima amesimama juu ya kiti anauambia ulimwengu kwamba yule mama ana furaha.

Nilipenya nikamwinua, nikamwambia sikioni, dadako mzima, yumo ndani. Hakuniamini. Ilibidi Bi. Mwanakombo atoke mwenyewe mlangoni. Waliposhikana sikuweza kuzuia machozi, na sikuwa peke yangu. Majembe yakawekwa chini. Aliyekuwa na sanda akaificha nyuma yake kwa haya.

Kelvin akashuka kitini akaja mbio na simu.

Mama mmoja aliivua leso yake begani akaitandaza, mwenzake akadaka ncha ya pili. Wakasimama. Wanajua kuishika hivyo, kwa sababu ndivyo wanavyoishikilia nguo juu ya kaburi la mwanamke asionekane anapoteremshwa. Kelvin akaenda kushoto, leso nyingine ikainuka kushoto. Akaenda kulia. Nami nikashika pembe moja, Mgiriama na msalaba wangu shingoni, na hakuna aliyeniuliza natafuta nini pale.

Sauti ya Bi. Mwanakombo ikatoka nyuma ya zile leso, tulivu kabisa.

"Bwana, ile picha yangu itowe."

Kelvin akaeleza. Alieleza vizuri, kwa adabu, kwa ile sauti anayoitumia kwenye mafunzo. Kwamba picha ndiyo iliyoleta mabati. Kwamba aliyetoa mabati ametuma watu wake wapige picha ya makabidhiano, iwe kabla na baada, na bila ile ya kabla ile ya baada haina maana. Mchungaji wangu akaongeza kwamba dunia haiguswi mpaka ione. Ustadh aliangalia viatu vyake. Kisha akasema, "Bi, nia ilikuwa njema."

Nikamwuliza Ustadh, mbele za watu, kama angekuwa mamake angeiacha. Najua sikupaswa kumwuliza hivyo mbele za watu.

"Basi yarudisheni mabati," Bi. Mwanakombo akasema. "Mimi si masikini wa kuuza kichwa changu."

Wakadhani anatania. Kisha wakadhani amekasirika na atapoa. Lori lilingoja, likangoja, mwishowe dereva akasema ana safari nyingine, likaondoka na mabati yake. Watu wa mfanyabiashara wakaondoka na kamera yao. Na wale vijana waliokuja kuchimba kaburi wakapanda juu ya paa na turubai la msiba, wakalifunga kwa kamba na mawe. Halipendezi. Lakini tangu alfajiri ya leo mvua inanyesha na nyumba ile ni kavu, nimepita asubuhi nikahakikisha.

Vyakula havikurudishwa. Walipika, tukala. Bi. Mwanakombo alikula kidogo akasema hiyo biryani ya matanga yake imepungua chumvi.

Jioni Kikundi kilikaa. Nilidhani kitakuwa kikao cha kuomba radhi. Nilijiandaa hata na maneno ya radhi, maana uandishi wa maneno matamu ndiyo kazi yangu. Badala yake tukajadili nywele. Kelvin akapendekeza kuzifunika kwa ukungu, yaani picha ibaki ila kichwa kifutwe kidogo. Mwingine akapendekeza kichwa kibandikwe ua. Nakuapia, mtu mzima alipendekeza ua. Nikaambiwa niende nikamwulize mwenyewe kama ukungu utamtosha, na nikaenda, kwa sababu nilikuwa bado nina tumaini la kijinga.

Bi. Mwanakombo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wamenivua mbele za watu," akasema, "sasa wataka kunivika mbele za watu?"

Nikawapelekea jibu hilo kama lilivyo. Wakaamua kwa wingi wa mikono kwamba picha ibaki mpaka ziara ya wafadhili ipite, kisha itazungumzwa. Mchungaji alinishika bega akaniambia nisiwe na moyo mgumu, kazi ya Bwana ina gharama zake. Nikataka kumwuliza mbona gharama hiyo imeangukia kichwa cha mwanamke wa Kiislamu na si chake. Sikumwuliza. Nilienda nyumbani nikijichukia njia nzima.

Leo kanisani sikuwa hata nimetulia kitini. Wakati wa matangazo, taa zikapunguzwa. Skrini ikawaka.

Ilikuwa kubwa kama ukuta. Bi. Mwanakombo, mabega wazi, mvi usoni, ufagio mkononi, nguo za ndani kwenye kamba. Kanisa zima likamwonea huruma kwa sauti moja, "Aaah," namna watu wanavyofanya wakioneshwa mtoto mgonjwa. Mchungaji akaanza kumshukuru Mungu kwa vyombo vya kisasa vinavyofikisha huruma mbali. Baba mmoja nyuma yangu akamwuliza mkewe, "Huyu si ndiye yule aliyekufa?"

Nilitoa simu mkobani pale pale. Nikafungua ukurasa wetu. Kwenye bango yakatokea maandishi madogo yanayouliza kama nina hakika ninataka kulifuta, na kwamba halitarudi. Nikabonyeza. Nikafuta na ile video ya machozi ya furaha. Nikafuta na matangazo yote ya kampeni ile. Kisha nikasimama katikati ya safu, nikaomba njia kwa magoti ya watu, nikatoka mvuani. Skrini ilikuwa bado inawaka nyuma yangu, ile sikuwa na uwezo nayo.

Sijafika stendi simu ikaanza. Kelvin alipiga mara kadha wa kadha, kisha akaandika kwamba nimeharibu kazi ya wengi. Nikaandika kwamba kazi ya wengi ilikuwa kuuliza kabla ya kutuma. Muda mfupi baadaye nikaona kwenye kundi: nimeondolewa. Hakuna aliyeniaga. Kwenye ukurasa pia si msimamizi tena. Salamu za Ijumaa ataziandika Kelvin, na Mungu awasaidie watakaozisoma.

Nilidhani nitalia, lakini sikulia. Nilihisi mwepesi. Niliingia kwa Bi. Mwanakombo na viatu vyangu vilivyolowa nikamwambia, Bi, nimeitoa. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akasema, "Mungu akusitiri, mwanangu." Hajawahi kuniombea hivyo. Nikaenda nyumbani nikiwa na furaha, naiandika hapa kwa sababu furaha yenyewe haikudumu hata muda wa chai kuchemka.

Shangazi yangu wa Mariakani amenitumia ujumbe. Shangazi ni mtu wa sala, hana ubaya na kiumbe yeyote. Ameniandikia: "Mwanangu, huyu mama ni wa huko kwenu? Inasikitisha. Mungu ailaze roho yake mahali pema." Na chini yake mawingu, njiwa, maua, na mvi za Bi. Mwanakombo.

Juu ya picha simu imeandika kwamba imetumwa mara nyingi.

Nilichokifuta mimi ni ukurasa. Bi. Mwanakombo amekufa Mariakani, na sijui amekufa wapi kwingine, na kila alikokufa amekufa kichwa wazi. Yeye aliyewafunika wanawake wote hawa asiache hata kidole nje. Nilimwahidi itatolewa. Nilimwambia nimeitoa, akaniombea dua juu ya uongo nisioujua.

Sitarudi kumwambia leo. Nitamwambia, lakini nataka niende nikiwa na la kumwambia.

Nimemjibu Shangazi: Yuko hai. Ni jirani yangu, asubuhi hii alikuwa anachambua mchele. Picha hiyo ilipigwa bila ridhaa yake. Naomba uifute, Shangazi, tafadhali.

Amejibu haraka, maskini, ameogopa. Ameifuta. Ameomba radhi mara tatu. Halafu akaandika kwamba alikuwa ameshawatumia akina mama wa maombi, na mkwewe wa Voi, na yule aliyesoma naye, na wao wamemjibu wote kwa kumwombea marehemu.

Nimemwambia aniandikie majina yao, mmoja mmoja, na namba zao. Naanza na wa Voi.